Dungu Lililorukwa

Sauti ya Elsie haikufa. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wa kijiji chetu cha Hewani, na wale wa Ngao wasiojua kitu, wakiwaambia watoto wao kwamba Mwalimu Elsie alirogwa Mombasa, sauti yake ikafungiwa ndani ya chupa na chupa ikatupwa baharini. Chupa gani hiyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, shamba letu lilipakana na la kaka yake, na masikio yangu yalikuwa mazima. Alitufundisha kuimba kwa miaka mitatu, tangu 1956 mpaka homa ilipomchukua mwaka 1959, na ni kweli kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyemsikia akiimba hata ubeti mmoja. Lakini sauti ilikuwepo. Kwa nini hakuitumia ndiyo habari yenyewe, na wengi walioijua wameshazikwa, kwa hiyo acha niiandike.

Elsie alizaliwa Hewani, akajifunza kuimba mahali ambapo sisi sote tulijifunza kupiga kelele, yaani juu ya dungu. Kwa asiyeyajua mashamba yetu: mto Tana hufurika, kisha hurudi kitandani mwake, na sisi hupanda mpunga kwenye tope lililoachwa. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wadogo hushuka kwa maelfu, na wakiachwa asubuhi moja tu hubaki makapi. Kila shamba basi lina dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga, na kijipaa cha matete. Mlinzi hukaa huko tangu alfajiri hadi jua lizame, ana kombeo, ana madongo ya kutupa, ana debe la kupiga, na ana koo lake. Wengine wetu koo lilitoka huko limechubuka. La Elsie lilitoka limenyooka. Misheni wakamweka mbele ya kwaya, na alipokuwa mkubwa akaenda Mombasa kulea watoto wa Wazungu.

Hakuwalea sana. Bwana mmoja aliyeitwa Swaleh, mpiga kodiani mwenye kikundi cha michezo ya kuimba, alimsikia akianika nguo, na baada ya mwezi Elsie alikuwa jukwaani. Ile haikuwa ngoma wala kwaya. Ilikuwa hadithi nzima, ina bwana arusi na mama mkwe na karani mla rushwa, na badala ya kusema, wanaimba. Walizunguka kwenye majumba ya starehe ya wafanyakazi wa bandari, wakaenda Malindi, wakaenda Voi.

Mwaka 1953 walipita Garsen wakacheza uwanja wa mnada wa ng'ombe, na Elsie alikuwa mke anayeteswa. Mume mkatili alipoinua mkono, mfugaji mmoja wa Kiorma aitwaye Guracha alisimama na fimbo yake akaanza kwenda mbele kumnusuru. Komora, kaka yake Elsie, ndiye aliyemshika shati. Akamwambia yule si mumewe, yule ni mpishi wa hoteli huko Mombasa, na dada yangu analipwa kulia. Guracha alikaa, lakini hakuiweka fimbo chini mpaka mchezo ulipokwisha. Komora aliisimulia habari hiyo kila wiki, na kila wiki Guracha alikuwa karibu zaidi na jukwaa.

Komora alikuwa mtu wa namna hiyo. Mrefu, mwenye maneno, hana haraka na kazi. Kuhusu dada yake hakuwa na mzaha. Wazazi walipokufa yeye ndiye aliyemlea, na baba wadogo walipotaka kumwoza mapema, yeye ndiye aliyesema mtoto huyu ana kitu kooni, mwacheni.

Mwezi wa sita mwaka 1956, Elsie alirudi nyumbani. Alishuka Garsen na sanduku la bati, na shingoni alikuwa amevaa kibao cha shule kwa kamba, kama mtoto wa darasa la kwanza. Komora alimlaki kwa maneno mengi, naye akamjibu kwa kuandika.

Aliyoyaandika tuliyajua wote kabla ya jua kutua. Daktari wa Mombasa alimtazama kooni kwa kioo akaona vinundu kwenye nyuzi za sauti. Dawa ilikuwa moja, kunyamaza miezi mitatu kamili, asinong'one, asikohoe kwa makusudi, asiite hata mbwa. Akivumilia, sauti itarudi. Akiivunja mapema, daktari hawezi kuahidi kitu. Na Swaleh alikuwa ametunga mchezo mpya, wote umejengwa juu ya sauti ya Elsie, na mwezi wa kumi wangepita Garsen wakielekea Lamu. Wakimkuta na sauti, anapanda lori. Wakimkuta hana, kuna mwanamke Malindi anayengoja nafasi hiyo. Elsie alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hana mume, hana mtoto, hana shamba lake. Alichokuwa nacho ni hicho kilichokuwa kooni.

Mkewe Komora aliitwa Margaret. Alikuwa na mimba yake ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja, na hakuwa na subira na mtu. Alimwambia mama yangu kwamba kuishi na wifi asiyesema ni kama kuishi na mkaguzi, anakutazama tu, hujui anaandika nini. Komora yeye alifurahi. Alisema tangu azaliwe ndiyo mara ya kwanza amepata kumaliza sentensi mbele ya dada yake. Kila jioni alimsomea hesabu ya siku zilizobaki, kwa sauti ya karani wa mahakama, naye Elsie alicheka kwa mabega tu, mkono mdomoni, akiogopa hata kicheko kisimponyoke.

Sasa kuhusu masomo. Mwinjilisti wetu aliitwa Danson, na kwaya ilikuwa yake. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake alikuwa akiupiga pasi kwanza. Hakutaka mwanamke wa michezo karibu na watoto wa Mungu. Elsie alikuja mazoezini akakaa benchi la nyuma, akasikiliza wiki mbili. Siku moja alipita mbele akamwekea Danson kibao chake juu ya kinanda. Kilikuwa kimeandikwa: Wanapumua kwa mabega.

Danson alikisoma, akakigeuza chini juu, akaendelea. Lakini mtu akishaambiwa jambo kama hilo hawezi kuacha kuliona. Jumapili ile tulipokuwa tukiimba niliona macho yake yanapanda na kushuka pamoja na mabega yetu. Jumatatu akamwachia Elsie saa moja ya mazoezi, akisema ni ya majaribio.

Nimefundishwa na watu waliosema mchana kutwa na sikubaki na kitu. Yule hakusema neno na nina kila alichonipa. Alitulaza chali kwenye sakafu ya kanisa, kila mmoja na jiwe tumboni, tukapumua mpaka jiwe lipande na lishuke bila kifua kutikisika. Alitupa koroboi tuimbie mwali wake, na mwali ukiyumba alikuwa anakufinya. Alishika mkono wako akauweka ubavuni mwake mwenyewe, uhisi pumzi inavyoingia hadi mgongoni, kisha akauweka wako kwako uone tofauti, na tofauti ilikuwa aibu. Kwenye kibao aliandika maneno machache machache. Usiimbe na shingo. Fungua nyuma ya mdomo kama mtu anayetaka kutapika. Wewe, usimtazame Mbodze.

Mbodze alikuwa mtoto wa Kigiriama, babaye mvutaji kamba wa kivuko cha Garsen, na sauti yake ilitutia wivu wote. Alimwuliza Mwalimu, kwa adabu lakini kwa kiherehere, sisi tutajuaje jinsi inavyotakiwa kusikika ikiwa wewe hutuonyeshi. Elsie aliandika: Subirini mwezi wa tisa. Kisha akapiga mstari chini ya mwezi wa tisa, mara mbili.

Na tulisubiri kweli. Kijiji kizima kilisubiri, kama kwamba koo lile ni la ukoo wote. Wanawake walimletea asali. Wazee walipokuwa wakipiga soga karibu na nyumba ya Komora walishusha sauti, sijui kwa nini, kana kwamba na wao wamekatazwa.

Mwezi wa nane mpunga ukatia maziwa, ndege wakaja. Margaret mimba ilikuwa kubwa, hawezi kupanda ngazi ya dungu. Komora alikuwa na kazi ya kukata matete na kuziba mifereji. Elsie akaandika kwamba atapanda yeye. Kombeo analo, debe analo, mikono anayo. Margaret alisema angalau sasa atafanya kazi kama watu.

Lakini kulikuwa na jambo moja, na hili ndilo lililotuponza.

Mashamba yale yako mbali na kijiji, ng'ambo ya mto, na kati ya shamba na shamba kuna matete marefu, huwezi kumwona mwenzako hata ukiwa juu ya dungu. Kuna nyoka, kuna nyati, kuna viboko wanaobaki kwenye vidimbwi mto ukirudi. Kwa hiyo kuna mwito. Dungu la kwanza huita jina la mlinzi wa dungu la pili. Wa pili hujibu kwamba yuko, kisha huita wa tatu, na hivyo hadi mwisho, kisha baada ya muda mfupi huanza tena. Asiyeitika mara tatu, majirani wawili walio karibu huacha ndege wale wanavyotaka, wakashuka na kumkimbilia. Hakuna anayeuliza. Bibi yangu aliokolewa hivyo na mwanamke aliyekuwa hasemezani naye.

Elsie angeitikaje? Komora ndiye aliyelileta suala hilo kanisani. Wengine walisema apige debe badala ya kuitika, lakini kila mtu hupiga debe siku nzima, nani atajua lipi ni jibu na lipi ni la ndege. Danson akakata shauri, akatangaza baada ya ibada, amevaa koti lake jeupe. Dungu la Komora lirukwe. Anayetangulia aite jina la anayefuata baada ya Elsie. Wala mtu asimwite hata kwa bahati mbaya, maana mtu akiitwa ghafula huitika kabla hajafikiri.

Tulipenda. Tulijiona watu wazuri sana. Mwanamke wa dungu la kabla yake, siku ya kwanza alijisahau akaita Elsie, akajiziba mdomo, na jioni alikwenda kumwomba radhi. Baada ya siku tatu ulimi ulizoea. Mwito ulifika pale, ukaruka, ukaangukia kwangu, kwa maana dungu letu ndilo lililofuata. Niliitika, nikaita wa mbele yangu. Ilikuwa kama lile shamba halipo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kwanza ya mwezi wa tisa, Jumamosi. Najua kwa sababu Elsie, alipopita kwetu alfajiri, alinionyesha kibao: Bado siku kumi na moja. Alikuwa amevaa leso mpya. Nilimwuliza atatuimbia nini siku hiyo ikifika, akanifinya shavu.

Jua lilipokuwa limepanda kiasi, debe lake lilianza. Sikushangaa. Ndege walikuwa wengi asubuhi ile, na kila ukiwafukuza kwako wanaangukia kwa mwenzako. Debe lilipiga, likaendelea kupiga. Nilisema moyoni Mwalimu leo ana kazi. Likaendelea. Nikaanza kukasirika, kwa kuwa niliona anawasukuma wote upande wetu, nami nilikuwa peke yangu, mama alikuwa ameshuka kuteka maji. Nikachukua debe langu nikampigia, la kumjibu, la kumkomoa.

Mwito ulipita. Mwanamke wa kabla yake aliita jina langu. Niliitika, nikaita wa mbele. Debe la Elsie lilikuwa likipiga pale katikati yetu, na mwito ulipita juu yake.

Ukapita tena mara ya pili. Nikaitika tena.

Ndipo nikasikia ile sauti. Nimejaribu kuieleza maisha yangu yote na sijaweza. Haikuwa ukelele. Mtu anayepiga ukelele anafunga koo, nasi tulishafundishwa hivyo. Hii ilitoka chini kabisa, mbavuni, ikapanda imenyooka bila kukwaruza popote, nayo ilikuwa na maneno mawili tu.

"Komora anakufa."

Ndege wote waliruka. Ng'ambo ya mto, kijijini, Margaret alikuwa akipepeta unga akaangusha ungo, maana aliisikia neno kwa neno. Danson aliisikia akiwa kanisani. Mimi nilishuka dungu bila kukanyaga ngazi.

Komora alikuwa amekwenda kukata matete pembeni mwa kidimbwi, na ndani ya matete kulikuwa na kiboko. Alimng'ata paja. Elsie alimwona kutoka juu, akashuka, akamvuta hadi mahali pakavu, nguvu alizitoa wapi sijui. Akamfunga paja kwa leso yake mpya. Mtumbwi ulikuwepo, lakini mtu mmoja hawezi kumbeba mwanamume mrefu vile hadi majini. Kumwacha akimbilie kwetu aliogopa, basi alirudi juu ya dungu akapiga debe. Tulipofika, lile debe lilikuwa limelala pale, limetoboka kitako, na kijiti alichokuwa akipigia kimevunjika. Elsie alikuwa amekaa topeni, kichwa cha kaka yake mapajani, hasemi tena. Leso ilikuwa haina rangi yake.

Wanaume wanne walimpakia, Danson akashika upondo nyuma, Elsie akaingia akapiga magoti. Walielekea hospitali ya Ngao. Yaliyotokea mtumbwini aliyasema Danson mara moja tu, mbele ya Margaret, kwa kuwa aliona ana haki ya kuyajua. Alisema Elsie alikuwa akimwita kaka yake jina, tena na tena, asilale. Na Komora alifungua macho akamwambia, "Nyamaza, dada. Bado siku kumi na moja." Hakusema tena. Alikufa kabla hawajaufikia mkunjo wa mwisho wa mto.

Kule Ngao mtu mmoja, sitamtaja na hakuwa na nia mbaya, alilitazama paja akasema damu ndiyo iliyommaliza. Angefungwa na watu wenye nguvu nusu saa mapema, pengine. Neno pengine ni dogo, lakini Elsie alirudi nalo Hewani.

Kwenye mazishi alizungumza. Aliwashukuru watu, akawaelekeza wachimbaji, akampokea huyu na yule. Na kila mtu aliyesikia aligeuka. Sauti ilikuwa safi. Haina mkwaruzo, haina pumzi inayovuja, hakuna kitu. Ilikuwa imepona kabla ya siku zake, na ule mwito mmoja haukuiharibu hata kidogo. Mwanamke mmoja mjinga akamwambia ashukuru Mungu. Elsie alimtazama mpaka yule akaondoka mwenyewe.

Margaret hakulia hadharani. Siku ya tatu, tukiwa tunaosha vyombo vya msiba, alikaa mbele ya Elsie, tumbo lile magotini, akamwuliza bila kupandisha sauti.

"Wifi, ulipiga debe mpaka lini?"

"Mpaka lilipotoboka."

"Na ulisikia wakikuruka."

"Nilisikia. Mara ya kwanza nikasema mara ya pili wataniita. Nilisahau kwamba walishazoea kuniruka."

"Lakini mdomo ulikuwa nao."

Margaret alinyanyuka, akachukua sufuria lake, akaenda kuliosha mahali pengine. Mimi nilibaki nimeshika bakuli. Nilitaka kusema kwamba niliitika mara mbili. Sikusema. Ninalisema sasa.

Danson aliondoa agizo lake kanisani kwa maneno machache kisha akakaa chini katikati ya ibada, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tangu siku hiyo hakutangaza kitu tena bila kuuliza kwanza nani hakubaliani.

Sikukuu ya Mavuno ilikuja. Elsie alikuwa ameendelea kutufundisha, kila siku, kwa ukali zaidi, na ingawa sasa alizungumza, alikuwa akisema mambo ya lazima tu. Mbodze alimkumbusha mwezi wa tisa. Alimwambia mwezi wa tisa umepita. Danson akamwomba atupe sauti ya kwanza, ile ya kuanzia tu, akatikisa kichwa na kubonyeza kinanda kwa kidole kimoja. Tuliimba siku hiyo kama hatujawahi kuimba, mabega yote yametulia, na watu walilia, nasi tulijua hawalilii wimbo.

Margaret alijifungua mtoto wa kiume. Elsie ndiye aliyemkanda, ndiye aliyechota maji, ndiye aliyevuna mpunga wote na kuufunga. Nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili waliopeana vitu mkono kwa mkono bila kutazamana.

Mwezi wa kumi habari ilifika kupitia duka moja la Garsen, kwamba lori la Swaleh litavuka Alhamisi. Danson alitupa ruhusa, na kwaya nzima ikaandamana na Mwalimu. Tulijua tunakwenda kumuaga. Yeye alikwenda mikono mitupu, tukadhani amesahau sanduku lake.

Kivukoni kulikuwa na msongamano, kwa kuwa siku zile za Hali ya Hatari askari walikagua kipande, yaani kitambulisho, cha kila mtu, na ng'ombe walikuwa wamejaa njia. Lori lilikuwa limesimama likingoja pantoni irudi, limebandikwa picha za rangi ubavuni. Swaleh alishuka, mnene, kofia ya kitambaa, akamshika Elsie mikono yote miwili, akampa pole ya msiba kwa maneno mazuri ya watu wa Mombasa. Kisha akaomba, kwa upole, ampe mstari mmoja tu, wowote.

"Sauti ipo, Swaleh. Umeisikia nikikujibu salamu."

"Nimeisikia. Imekuwa nzuri kuliko mwaka jana. Basi panda, wenzako wanakungoja."

"Sipandi."

Akamwuliza kama ni matanga ya kaka, kama wanangoja arobaini, akasema wanaweza kumngojea Lamu. Akamwuliza kama kuna mtu aliyemkataza. Akamwambia mchezo wote ni wake, yule wa Malindi anafika nusu tu ya nyimbo, nusu nyingine ni kwikwi. Elsie alimsikiliza hadi mwisho. Tulikuwa tumewazunguka.

"Nilikuwa naihifadhi," alimwambia. "Kaka yangu anatoka damu, mimi naihifadhi. Sasa kila nikiifungua nitajiuliza kwa nini sikuifungua mapema. Siwezi kujiuliza hivyo mbele ya watu waliokuja kustarehe."

Swaleh alikuwa mtu wa jukwaani, alijua mahali mchezo unapokwisha. Aliondoa kofia, akaishika. Elsie akamvuta Mbodze mbele, akamwambia huyu anaitwa Mbodze, ana miaka kumi na mitatu, baba yake ndiye yule anayevuta kamba pale, usimchukue leo, mkumbuke tu. Pantoni ikafika. Lori likapanda juu yake, wavutaji wakashika kamba.

Hapo ndipo tulipomwona Margaret. Alikuwa amesimama nyuma ya ng'ombe, mtoto mgongoni, na miguuni pake lilikuwa lile sanduku la bati. Alikuwa amelipakia yeye mwenyewe, alfajiri, nguo zote za Elsie zimekunjwa, na alikuwa amelibeba kichwani kutoka Hewani na kitoto cha wiki mbili mgongoni. Sijui alilibeba kwa kumfukuza au kwa kumsaidia, nadhani hata yeye hakujua.

Elsie alimwendea. Walitazama pantoni mpaka ilipogusa upande wa pili na lori likapanda ukingo.

"Limekwenda," alisema Margaret.

"Limekwenda."

"Sijakusamehe, wifi. Usidhani nimekuja kukusamehe."

"Najua."

Margaret alipanga upya mbeleko ya mtoto. Aliinama, akashika mkono mmoja wa sanduku, akangoja.

"Shika huko basi. Kesho tuna mpunga wa kupura."

Elsie akashika upande wake, wakaliinua, wakashika njia ya Hewani. Sisi tulifuata nyuma yao, na Danson, aliyependa sana tuimbe njiani, hakutuambia tuimbe.